Nyumba Iliyopewa Jina la Mgeni

Kilomita zipatazo sita kutoka Tabora mjini, katika kijiji cha Kwihara, ipo nyumba ya udongo yenye kuta nene, ua katikati, na mlango wa nakshi uliochongwa kwa mtindo wa pwani. Nyumba hiyo ni makumbusho. Vitabu vya shule na vitabu vya watalii huiita Tembe la Livingstone, na kwa jina hilo inajulikana hadi ng'ambo. Katika kurasa hizi chache nataka kulihoji jina hilo. Silihoji kwa kumchukia Dakta David Livingstone, ambaye alikuwa mtu mwenye subira kubwa na aliyeijua njia kwa miguu yake mwenyewe. Nalihoji kama mwalimu. Jina la nyumba ni somo la kwanza linalotolewa na nyumba yenyewe, kabla mtazamaji hajavuka kizingiti, na somo hili la Kwihara, kwa maoni yangu, limeandaliwa vibaya.

Huenda msomaji akashangaa mkazi wa Mjimwema, Njombe, mtu wa nchi ya baridi na viazi, anatafuta nini Unyanyembe. Jibu liko Makambako, mwendo wa kama kilomita 60 tu kutoka kwangu. Nenda Makambako usiku wowote. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 inapita papo hapo. Utayakuta malori yamepangana kando ya barabara, utingo amelala chini ya tela, mama lishe anageuza chapati saa sita za usiku, na gesti moja baada ya nyingine taa zikiwaka. Mji ule unakula kwa sababu ya mpita njia. Basi Unyanyembe ya karne ya 19 ndiyo iliyokuwa Makambako ya zama zile. Njia ya kutoka Bagamoyo ilifika hapo ikagawanyika: moja ikaenda Ujiji, ya pili ikapanda Karagwe na Buganda, nyingine ikateremka kusini kuelekea Ufipa. Aliyefika hapo alipumzika, akabadilisha wapagazi, akanunua chakula, akasikia habari za vita vya mbele, ndipo akaendelea.

Huko Uingereza zama za magari ya farasi ya abiria walikuwa na nyumba maalumu za namna hii. Gari lilikwenda maili kumi hadi kumi na tano, likaingia uani, farasi wakabadilishwa, abiria wakala au wakalala. Kwetu farasi hakuweza kufanya kazi hiyo, maana ndorobo katika mapori ya bara walimwua yeye pamoja na ng'ombe wa kukokota. Mzigo ulibebwa na mtu. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, mbali na kitanda chake, chungu chake na silaha yake, akaenda siku nzima nyuma ya kirangozi. Burton na Speke waliondoka Kaole tarehe 27 Juni 1857 wakaingia Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Hesabu mwenyewe siku hizo. Kila usiku watu hao walilala mahali, wakala kitu, na kulikuwa na mwenyeji.

Mwenyeji wa nyumba ya Kwihara anajulikana. Alikuwa Said bin Salim, liwali wa Waarabu wa Unyanyembe aliyewekwa na Sultani wa Unguja, katika nchi ya mtemi Mkasiwa. Na huyu bwana hakuwa mgeni wa mambo ya safari. Mwaka 1857 ndiye aliyetumwa kuongoza msafara wa Burton na Speke kutoka pwani. Mwaka 1860 alitoka tena, safari hii na Speke na Grant, lakini afya ikamshinda, akabaki Kaze. Kwa hiyo aliyeachwa nyuma na msafara kwa ugonjwa ndiye aliyekuja kuwa mwenye nyumba ya kuwapokea wenye misafara. Ningekuwa mtunzi wa hadithi nisingethubutu kubuni jambo lililokaa vizuri namna hii.

Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika Juni 1871. Liwali akamchukua hadi Kwihara akamkabidhi tembe, akamwambia ndiyo nyumba yake. Stanley akaweka bidhaa zake humo, akauguzwa humo. Waarabu walipopigana na Mirambo mwezi Agosti mwaka huo, naye Stanley akiwa upande wao, walishindwa vibaya. Mirambo akaingia Tabora na kuchoma moto. Stanley alirudi Kwihara, akatoboa matundu ya bunduki ukutani, akajaza nyumba watu wenye silaha kusubiri shambulio ambalo halikuja. Mwezi Septemba akaondoka kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Walirudi pamoja tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaelekea pwani tarehe 14 Machi, naye Livingstone akabaki kuwasubiri wapagazi atakaoletewa. Walifika Agosti, watu 57, na tarehe 25 ya mwezi huo akaondoka kuelekea kusini, asirudi tena akiwa hai.

Kwa hesabu hiyo, Livingstone alikaa Kwihara miezi sita na siku chache. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumempa nyumba nzima.

Natambua hoja ya upande wa pili, na si hoja dhaifu. Watasema: bila jina la Livingstone nani angetoka Ulaya kuja kuitazama nyumba ya udongo Kwihara? Watasema pia, na hapa nawaunga mkono, kwamba ni katika miezi hiyo ya Unyanyembe alipoandika maneno ya kulaani biashara ya watumwa ambayo yamechongwa juu ya kaburi lake katika kanisa la Westminster Abbey, London. Kalamu iliyofanya kazi humo ilikwenda mbali. Mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia usafirishaji wao kwa bahari ulitiwa sahihi na Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873, na kelele za watu kama Livingstone ziliuandalia njia. Jambo hili lazima lisemwe Kwihara, tena kwa sauti. Lakini litazame vizuri. Aliandika maneno yale akiwa chini ya dari ya liwali, katika mji wa matajiri wenye watumwa, akila chakula kilichopikwa na kuteketwa maji na watu ambao baadhi yao walikuwa wamewahi kuuzwa sokoni. Habari hiyo ina uzito kuliko ile ya Mzungu mwema aliyekaa peke yake katika nyumba yake. Jina la sasa linatuondolea mwenyeji, na mwenyeji akiondoka, ule ugumu wote nao unaondoka.

Miaka fulani nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu tuliwapeleka wanachuo kuitazama nyumba hii. Walikuwa watu wazima, wengine wazazi, karibu wote wa mikoa ya kusini. Walizunguka vyumba, wakasoma nakala za maandishi, wakanakili tarehe kama wanachuo wanavyonakili tarehe duniani kote. Kisha mwanachuo mmoja wa kike, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, aliuliza: "Wale waliobeba mizigo walilala wapi?" Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko nauli yote tuliyolipa. Kwa maana ukisimama uani ukatazama vyumba, unaona kwamba nyumba ya wasafiri haiwezi kueleweka kwa kitanda cha mtu mmoja. Yuko mwenye kitanda, na wako walio barazani, uani, vibandani nje, na moto wa kila kambi. Mpagazi alikuwa na hesabu zake pia: posho yake ya kila siku, ujira wake wa nguo za merikani na kaniki aliopatana nao kabla ya safari, mke wake aliyesafiri naye wakati mwingine, na jembe la kununua atakaporudi kwao kabla ya mvua.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Saa kubwa kabisa ya nyumba ya Kwihara, kwa maoni yangu, haikuwa ile ya Stanley na Livingstone kuingia pamoja. Ilikuwa Oktoba 1873.

Livingstone alifariki mapema mwezi Mei mwaka huo katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu aliokuwa nao, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walikutana wakafanya shauri. Wangeweza kumzika hapo wakatawanyika, kila mmoja akashika njia yake, na hakuna ambaye angewalaumu. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome ya mti na turubai, wakaubeba. Mwezi wa Oktoba wakafika Unyanyembe. Kwihara waliwakuta Waingereza wengine, Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini pamoja na wenzake, waliotumwa kumtafuta na kumsaidia Livingstone. Walikuwa wakiumwa homa vibaya, na walikuwa wamepewa nyumba ile ile. Mtu mwingine aliyekuwepo ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni, akaishi India, kisha akapita Unyanyembe na Speke, na Grant, na Stanley, na sasa Cameron. Bombay aliijua njia hiyo kuliko Mzungu yeyote aliyepata kuiandikia kitabu.

Cameron aliwashauri wauzike mwili hapo hapo. Njia ya mbele ilikuwa ya hatari, na ushauri wenyewe ulikuwa wa busara, tena ulitoka kwa ofisa Mwingereza akizungumza juu ya maiti ya Mwingereza mwenzake. Susi, Chuma na wenzao wakakataa. Walisema watamfikisha pwani. Cameron akafungua masanduku akachukua vyombo vya kupimia vya marehemu kwa ajili ya safari yake, nao wakanyamaza. Lakini juu ya mwili hawakurudi nyuma hata hatua moja.

Huo ndio mkutano ambao ningependa kila mwalimu wa historia aufundishe. Wapagazi wamesimama mbele ya ofisa, katika nyumba ya kupanga ya njia kuu, wakisema hapana, na hapana yao ikashinda. Hawakuwa na hati ya kuwaamuru, wala aliyewaajiri hakuwa hai. Kilichowashika ni ile ahadi ya kazi ya njia: mzigo uliokabidhiwa hufikishwa.

Mbele kidogo, mahali panapoitwa Kasekera, wenyeji walikataa maiti ipite katika nchi yao. Hapo wasafiri wale walitumia akili ya barabarani. Walifunga mabua kwa nguo yakafanana na maiti, wakawatuma watu sita warudi nayo hadharani kama kwamba wameghairi na wanakwenda kuzika Unyanyembe. Usiku wale sita wakatupa mabua porini wakawarudia wenzao mmoja mmoja. Wakati huo mwili wenyewe ulikuwa umekunjwa na kufungwa upya ukaonekana kama robota la nguo. Robota likapita. Lilifika Bagamoyo Februari 1874, na tarehe 18 Aprili likazikwa Westminster Abbey pamoja na wafalme. Kati ya waliolibeba, Jacob Wainwright ndiye aliyekuwepo mazikoni. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha.

Nimewahi kuwauliza walimu, wazoefu kabisa, majina ya watu hawa. Wengi humkumbuka Chuma na Susi kwa pamoja, kama vile ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Jacob Wainwright hawamjui. Bombay hudhani ni mji tu.

Lipo jengo jingine ambalo limepona kosa hili la jina, lakini likaangukia kosa la pili, nalo ni Karavan Serai ya Bagamoyo, mwanzo wa njia hii hii. Jengo hilo halina jina la mtu. Jina lake ni kazi yake, nyumba ya misafara. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichimba hapo na kutoa kitabu mwaka 2004. Hata hivyo masimulizi ya Bagamoyo siku hizi huelemea mno kwenye minyororo, mpaka mgeni anatoka akiamini kila aliyeingia mjini na mzigo begani alikuwa mtumwa. Mwanahistoria Steven Fabian aliandika makala mwaka 2013 kulikosoa jambo hilo, na mimi nakubaliana naye. Watumwa walipita Bagamoyo, hilo halina ubishi. Lakini bidhaa kuu ya njia ile ilikuwa pembe za ndovu, na makumi ya maelfu ya walioibeba walikuwa watu wa ujira. Mkondo mkubwa wa watumwa ulikuwa kusini kwetu, kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa. Sisi wa Njombe, Songea na kando ya Nyasa tuna sababu ya kulisema hilo bila kigugumizi. Mtu akitaka kulia na alie, lakini alilie pale walipopita waliouzwa, asimvike mnyororo Mnyamwezi aliyekwenda pwani kwa hiari yake kutafuta nguo na mahari.

Kwa hiyo Kwihara kuna mgeni aliyefunika wenyeji, Bagamoyo kuna msiba uliofunika kazi. Katika nyumba zote mbili aliyepotea ni yule yule, mpagazi.

Mtu atasema nyumba za kale haziwezi kufanya yote haya. Zinaweza. London, mtaa wa Southwark, ipo nyumba ya wasafiri iitwayo George, iliyojengwa upya mwaka 1677 baada ya moto. Ina roshani za mbao zinazotazama uani walikoingia magari ya farasi. Reli ilipokuja biashara hiyo ikafa, na mwaka 1889 sehemu kubwa ya jengo ikabomolewa na kampuni ya reli iliyokuwa ikilimiliki. Mwaka 1937 kilichobaki kilikabidhiwa shirika la kuhifadhi urithi la taifa, na mpaka leo watu huingia wakaagiza chakula na kinywaji. Charles Dickens aliitaja katika riwaya yake moja, tena alikuwa mtu maarufu kuliko wengi. Hawakuiita nyumba ya Dickens. Nyumba imebaki na jina lake na kazi yake, na Dickens ni mmoja wa waliopita.

Na reli ndiyo iliyoimaliza njia yetu pia. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912. Mzigo uliochukua miezi mabegani ukachukua siku chache, na nyumba za misafara zikakosa wageni. Tembe la Kwihara lilipona kwa sababu ya jina moja. Sibezi wokovu huo. Nasema tu kwamba aliyeokolewa kwa jina la mwingine anaweza, akishapona, kuulizwa jina lake.

Ningeliita Tembe la Kwihara. Kibaoni ningeandika kwamba ni nyumba ya liwali Said bin Salim katika nchi ya Wanyanyembe, na chini yake orodha ya waliolala humo bila kutanguliza mkubwa: Bombay, Stanley, Livingstone, Susi, Chuma, Wainwright, Cameron. Chumba cha Livingstone kibaki, na barua zake zibaki. Uani ningeweka mzigo wa frasila mbili uliofungwa sawasawa, kila mwanafunzi aujaribu begani mwake kuzunguka ua mara moja.

Na chumba kimoja ningekirudisha kuwa jiko. Katika msafara wa Livingstone alikuwemo mwanamke aliyeitwa Halima, mke wa Amoda, ndiye mpishi. Stanley anamtaja Ujiji akihangaika jikoni siku ya ugeni; Livingstone alimsifu kwa uaminifu, akaandika kwamba atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani Unguja. Kwa nusu mwaka chakula cha mgeni huyo mashuhuri kilitoka mikononi mwake. Jiko hilo liwe na mafiga matatu, chungu, jiwe la kusagia na kibaba cha mtama, na juu ya mlango liandikwe jina la Halima.